Aiskrimu ya zabibu inayokwaruza ulimi, na chokoleti iliyoota weupe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Ilazo, Dodoma. Desemba shule zikifungwa tunataka kuwapeleka watoto wa ukoo pikniki kule bwawa la Hombolo, na nimeshawaahidi aiskrimu ya zabibu ya kutengeneza mwenyewe. Nimejaribu kwa maziwa lita 2, sukari robo kilo na juisi ya zabibu nusu lita. Nilichemsha vyote pamoja, maziwa yakakatika kidogo, nikachuja, nikaacha ipoe, nikaweka kwenye friza mpaka asubuhi. Kijiko hakiingii, na ukiionja unatafuna chembe za barafu. Jambo la pili: shemeji alituletea chokoleti kutoka Dar, ikashinda kwenye gari mchana kutwa. Niliiweka kwenye friji na sasa imeota utando mweupe. Imeharibika? Tulitaka watoto waonje aina tatu nne na kuzilinganisha. Na je, deli lenye barafu litatosha kutufikisha Hombolo?

JIBU: Marahaba dada. Kabla hujailaumu friza yako, tupige hesabu ya ulichoweka ndani. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Juisi ya zabibu nayo ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Ukijumlisha na sukari yako, mchanganyiko wote unafika kama asilimia 78 ya maji, wakati aiskrimu laini inatakiwa kuwa na maji asilimia 60 hadi 64 hivi. Ulichotengeneza ni lambalamba ya maziwa. Tamu, sina shaka, lakini haiwezi kulainika hata ukiigandisha kwa friza ya kiwandani.

Ndani ya aiskrimu, maji yanapoganda hufanya chembe. Zikiwa ndogo kuliko sehemu 50 za elfu moja za milimita, ulimi hauzitambui na unasema "laini". Zikizidi hapo, unasikia mchanga. Chembe huwa kubwa kwa sababu tatu: maji ni mengi mno, mchanganyiko umeganda polepole bila kukorogwa, au umeyeyuka kidogo ukaganda tena. Hii ya tatu ndiyo inayotutesa zaidi hapa Dodoma. Umeme unakatika kwa muda wa saa mbili, friza inafunguliwa kila mara kutoa maji ya baridi, chembe ndogo zinayeyuka, na ubaridi ukirudi yale maji yanajishikiza kwenye chembe kubwa zilizobaki. Kila mzunguko unaziongezea ukubwa.

Kwa hiyo punguza maji, kisha yale yanayobaki uyafunge. Kwa lita 1 ya maziwa, tumia gramu 100 za maziwa ya unga yenye mafuta yake, krimu mililita 250, sukari gramu 150, na viini vya mayai 4. Maziwa ukinunua kwa mfugaji, hakikisha yamechemka sawasawa kabla ya jambo lolote. Brusela na kifua kikuu cha ng'ombe hupita kwenye maziwa mabichi, na kugandisha hakuviui vijidudu hivyo. Yakishachemka, yaache yatokote kwa moto mdogo bila kufunika mpaka yapungue kama mililita 150. Harufu ya maziwa yaliyokolea ni faida nyingine unayoipata hapo bila gharama.

Koroga maziwa ya unga na sukari vikiwa vikavu pamoja ili visifanye mabonge, kisha vimimine kwenye maziwa ya moto. Viini vipige kwenye bakuli, uvimiminie maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukipiga, halafu rudisha vyote jikoni kwa moto mdogo sana. Usiache kukoroga na usiruhusu ichemke. Ukiwa na kipimajoto, simama kwenye nyuzi 82. Huna? Chovya mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki bila kufunikwa, epua. Viini vina lesithini, kitu kinachoshikanisha mafuta na maji yasiachane, na moto huo huo unaviua vijidudu vya mayai. Nasisitiza hili kwa sababu yapo mapishi mengi yanayoweka mayai mabichi kwenye aiskrimu ya watoto. Msiyafuate. Kama mayai huyataki, vijiko 2 vya mezani vya unga wa kastadi vitafanya kazi ya kushika maji, ingawa utelezi wake hautafanana.

Krimu iingie mwisho, baada ya kuepua. Kisha poza sufuria haraka kwenye beseni la maji ya baridi na uilaze kwenye friji saa 4 kwa uchache, bora usiku mzima. Wengi huiruka hatua hii kwa haraka. Katika muda huo mafuta ya maziwa hukakamaa na protini hufyonza maji, na kesho yake utaona mchanganyiko umekuwa mzito bila kuongezwa chochote.

Sasa zabibu. Maziwa yalikatika kwa sababu ya asidi yake, na joto liliizidishia nguvu. Zabibu haitakiwi kukutana na maziwa jikoni. Chukua nusu kilo ya zabibu nyekundu, hizi za Makutupora zinafaa sana maana zina rangi na ukali wake, uzipike peke yake kwa moto mdogo mpaka zipasuke, chuja mbegu na maganda, halafu endelea kuichemsha ile juisi mpaka ibaki gramu 150 hivi, nzito ya kumwagika kwa uvivu. Ipoze, kisha ikoroge kwenye mchanganyiko uliolala kwenye friji, vyote vikiwa baridi. Hapo umeleta ladha yote ya zabibu na maji kidogo mno. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, basi usingoje Desemba: pika rojo hili wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, uligandishe kwenye vikopo vidogo.

Usishangae kwamba sukari niliyokupangia ni gramu 150 tu. Sukari ya zabibu ni glukosi na fruktosi, ambazo kwa uzito uleule huzuia maji kuganda karibu mara mbili ya sukari ya mezani. Ndizo zitakazofanya kijiko kiingie. Asali ya Manyoni ina tabia hiyo hiyo. Ukipenda kuitumia, toa sukari gramu 50 uweke asali gramu 50. Ukizidisha, aiskrimu haitashika kabisa.

Na kwa kuwa uko Dodoma, nakushauri ujaribu pia ya ubuyu. Unga wa ubuyu una pektini kwa wingi, ile ile inayogandisha jemu, nayo hushika maji vizuri kuliko vitu vingi vya kununua kwenye pakiti. Kwa kipimo hiki weka vijiko 3 vya mezani badala ya zabibu, uukoroge kwanza kwenye krimu baridi. Nao una asidi, kwa hiyo usiutie kwenye maziwa ya moto. Sukari irudishe kwenye gramu 200. Binafsi naiona inaishinda ya zabibu.

Kugandisha bila mashine kunawezekana, na chumvi ndiyo siri yake. Barafu tupu ikiyeyuka hukaa kwenye nyuzi 0. Ukiichanganya na chumvi, sehemu 3 za barafu iliyopondwa kwa 1 ya chumvi ya mawe kwa uzito, baridi hushuka hadi karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Weka mchanganyiko wako kwenye sufuria ya alumini yenye mfuniko, si chombo cha plastiki, kwa sababu plastiki inachelewesha baridi kupenya. Izamishe kwenye ndoo ya barafu na chumvi, uizungushe na kukwangua pembeni kila dakika moja au mbili. Watoto wenyewe wafanye kazi hii kwa zamu. Baada ya nusu saa hivi itakuwa nzito kama uji wa kushiba; hapo iweke kwenye chombo kipana kilichokwishapozwa, funika kwa plastiki iguse uso wa aiskrimu, uisukume chini kabisa nyuma ya friza. Friza ijaze, hata kwa chupa za maji. Iliyojaa ikibaki imefungwa huhifadhi ubaridi hadi saa 48 umeme ukikatika. Iliyo nusu, kama saa 24.

Tuje kwenye deli. Barafu ya kawaida haitakufikisha, hata ikiwa nyingi. Inapoyeyuka ipo kwenye nyuzi 0, na aiskrimu kwenye nyuzi 0 ni maziwa yaliyotiwa sukari. Unahitaji ile ile barafu yenye chumvi, iliyopondwa, izunguke chombo cha aiskrimu pande zote, huku mfuniko ukiwa umezibwa vizuri kwa mkanda ili maji ya chumvi yasipenye. Funika deli kwa gunia lililoloweshwa, liweke kivulini, na mkishafika lifunguliwe mara moja tu.

Chokoleti yako haijaharibika. Mafuta yake, siagi ya kakao, yanaweza kuganda kwa mipangilio sita tofauti, na kiwanda huupata kwa uangalifu ule mmoja unaong'aa, unaokatika kwa mlio na kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mdomo. Ndani ya gari lililoegeshwa juani iliyeyuka, kisha ikaganda ovyo, na mafuta yakapanda juu kuwa weupe. Hakikisha kwa kidole: usugue ule utando. Ukiyeyuka na kutoweka, ni mafuta. Ukikwaruza, ni sukari iliyoyeyushwa na unyevu ikakauka juu, jambo linalotokea ukiitoa chokoleti kwenye friji na kuifungua papo hapo. Zote mbili zinalika, ila kwa kuonja na kulinganisha hazifai tena.

Hizo zilizopauka zitumie ndani ya aiskrimu, lakini usizitie vipande vitupu. Chokoleti kwenye mdomo uliopoa haiyeyuki, utatafuna nta. Yeyusha gramu 100 juu ya mvuke, changanya na kijiko 1 kikubwa cha mafuta ya nazi, kisha mimina kwa uzi mwembamba kwenye aiskrimu inayokaribia kuganda huku ukikoroga. Itavunjika vipande vyembamba vinavyoyeyuka mara moja.

Za kuonja nunua mpya, na usome nyuma ya pakiti. Kama viungo vinataja mafuta ya mawese au ya mbegu zake mahali pa siagi ya kakao, iache, hutapata cha kulinganisha. Tafuta moja ya maziwa, moja yenye kakao asilimia 50 na kitu, na moja ya asilimia 70, na ukibahatika kupata iliyotengenezwa kwa kakao ya Kyela au ya Kilombero, ifanye ndiyo kiini cha zoezi. Waambie watoto kwamba punje ya kakao ikitoka tundani haina ladha ya chokoleti; ladha hiyo huanza kujengeka inapovundikwa siku tano hadi saba, kisha ikaanikwa na kukaangwa.

Onjeni asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya aiskrimu, kwa sababu ulimi uliopozwa hausikii utamu vizuri. Anzeni na yenye kakao nyingi. Ukianza na ya maziwa, inayofuata utaiona chungu kuliko ilivyo. Kila mtoto avunje kipande asikilize mlio, anuse, akiweke ulimini bila kutafuna mpaka kiyeyuke chenyewe. Katikati wanywe maji ya uvuguvugu. Zabibu kavu na karanga zingoje mpaka kuonja kuishe.

Safarini chokoleti isipande deli moja na aiskrimu. Hewa yetu kavu inakusaidia hapa: iweke kwenye kopo lisilopitisha unyevu, kopo liingie ndani ya chungu, chungu kivalishwe kitambaa chenye maji na kikae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto, na ndani hupoa nyuzi kadhaa bila ule umande wa friji. Muendelee kukilowesha. Mvua zikishaanza na hewa ikiwa na unyevu, njia hii hupungua nguvu, basi chagueni siku ambayo haijanyesha.

Aiskrimu itakayobaki na kuyeyuka, msiirudishe kwenye friza. Kama bado ina baridi, inyweni hapo hapo. Ikishakaa kwenye joto zaidi ya saa 1, imwageni.