Shoka wako umevunjika

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya skrini ya simu yake. Juu kuna shoka lililokatika mpini, chini maandishi: "Shoka wako umevunjika." Akauliza kwa adabu zote: "Kaka, si wewe uliyejisifu hapa kwamba Kiswahili cha gemu hii ni chako?"

Ni changu. Nilijisifu, tena mara mbili.

Basi nieleze ilivyokuwa. Niliipata kazi ile ya kutafsiri gemu nikiwa nimefulia, nikakubali kulipwa kwa sentensi. Nikaletewa jedwali la Excel lililojaa mistari ya Kiingereza, bila picha hata moja. Mstari mmoja ulihusu upanga. Nikaandika "Upanga wako umevunjika", Kiswahili safi, hata leo naweza kukisimamia mbele ya mwalimu wangu wa Fasihi. Mtengeneza programu, asiyejua hata "habari", akaling'oa neno upanga na kuacha nafasi wazi ili kompyuta ijaze kifaa chochote. Kwa Kiingereza ujanja huo unapita, maana kitenzi hakijali kilichovunjika ni nini. Kwetu kinajali: kisu chako kimevunjika, shoka lako limevunjika, ngao yako imevunjika. Yeye akavivunja vyote kwa ngeli ya upanga.

Nilipolalamika nikaambiwa wachezaji hawasomi, wanabonyeza tu. Jina langu hawakuliweka kwenye orodha ya watengenezaji. Ila mtaani wanajua ni mimi, na watoto wa jirani hadi leo wakiniona wanasema, "Anko, kiatu wako umefunguka."

Hata wakubwa wameteleza. Gemu ya Kijapani Final Fantasy VII ilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1997, mhusika wake Aerith alimwelezea mtu mmoja mgonjwa kwa kitenzi cha wingi, kama kusema "jamaa huyu ni wagonjwa". Watu wanaicheka sentensi hiyo mpaka kesho. Kwa hiyo anayekwambia wachezaji hawasomi, mwache apite.

Sasa ninyi mnaotaka kuziandikia gemu, na najua mko wengi: kabla ya kutafsiri chochote, uliza kila nafasi ya wazi itajazwa na nini. Wakikataa kukujibu, ikwepe: "Kifaa kimevunjika: shoka." Haina utamu, lakini haina aibu. Wakiwa waungwana, waombe waongeze safu ya ngeli pembeni ya kila nomino. Hapo nako kuna mtego, na ulininasa kwenye gemu ya pili: ndege. Wa manyoya ameanguka, ya abiria imeanguka. Neno moja, ngeli mbili, na kwenye ramani ile zilikuwamo zote.

Halafu kuna "Hauna sarafu za kutosha". Jamani. Mti hauna majani. Wewe huna sarafu. Nimeiona hadi kwenye gemu za watu wanaojiita mabingwa wa lugha, na nakiri nami niliwahi kuiandika, usiku, nikiwa na usingizi. Na kitufe cha kukubali ni "Ndiyo", si "Ndio". Soma kwa sauti kabla hujatuma. Soma tena kesho yake. Uliza nafasi itajazwa na nini, narudia, uliza.

Tunalia kila siku kwamba wageni hawaiheshimu lugha yetu. Mgeni atajuaje kwamba shoka si "wako" kama wewe uliyelipwa umeogopa kuuliza swali moja? Mtoto wa darasa la tatu anashinda saa nyingi na hiyo gemu kuliko na kitabu cha sarufi. Unachomwandikia pale ndicho atakachoandika kwenye mtihani.

Nilimjibu yule msomaji kwa ukurasa mzima, nikamtupia lawama zote mtengeneza programu. Jana akatuma picha nyingine: "Umepata upanga 5."

Badala ya panga 5. Sijamjibu bado. Hiyo nafasi niliiacha wazi mimi mwenyewe.