Jibu: Wateja wanaokasirikia majibu ya otomatiki
Waalaykum salaam, dada. Unauliza kwa nini wateja wa duka lako Chake Chake wanaona wanadharauliwa tangu uweke majibu ya otomatiki kwenye WhatsApp Business. Tazama kwanza ujumbe wa kutokuwepo (away message), ule unaojituma wenyewe mtu akikuandikia: ukiuweka uende muda wote, hata ukiwa umekaa dukani mtu huambiwa hupo. Uwekee saa za kufunga tu, na simu iwe na bando. Bila ya intaneti hauendi.

"Tutakujibu hivi punde" futa. Andika saa: "Tunafungua saa 2 asubuhi, utajibiwa kabla ya saa 3." Kinachomchosha mtu ni kungoja asikokujua mwisho wake.

Bei zihifadhi kwenye majibu ya haraka (quick replies), yaani majibu uliyoyaandika kabla; ukiandika alama ya / kwenye mazungumzo yanatokea uchague. Malalamiko jibu mwenyewe, na uanze kwa salamu, si unatujua Wapemba.