Kabla hujaifuta VLC, angalia kwanza ni vesheni gani

Mkuu uliyeuliza kama uitoe VLC, ile pleya ya video na miziki, kwenye laptopu yako kisa umesikia ina tundu la kupitia wadukuzi, mi nakushauri usiifute kwanza, ifungue, nenda Help halafu About, usome namba. Mi nina kibanda cha kuwawekea watu muvi na miziki kwenye flashi hapa Mwanjelwa, Mbeya, laptopu za watu nashika kila siku, na bado nakuta VLC za 2.2, hizo zilianza kutoka 2015! Mtu alipewa setapu na mshkaji, mshkaji naye kaikopi kwa mwenzake chuoni, hakuna aliyewahi kuingia kwenye saiti yenyewe. Naelewa, bando ghali, lakini hapo ndo tatizo lilipo.

Habari ya kuifuta VLC ilivuma sana Julai 2019, CERT-Bund, kitengo cha serikali ya Ujerumani cha usalama wa kompyuta, walitoa onyo la hatari kubwa watu wakapaniki wakaanza kuambizana waitoe. VideoLAN, wale wa Ufaransa wanaoitengeneza, wakajibu kwamba shida iko kwenye libebml, ambayo ni kiprogramu cha pembeni cha kusomea mafaili ya MKV, na ilisharekebishwa zaidi ya miezi 16 nyuma, VLC kuanzia 3.0.3 inakuja na iliyopona. Aliyeripoti alikuwa na Ubuntu (mfumo wa kompyuta kama Windows) ya zamani, yenye libebml ambayo haijarekebishwa. Na MKV ndo hizo hizo sizoni za Kikorea tunazorushiana kila siku, kwahiyo mwenye VLC ya zamani linamhusu kabisa.

Wengi wanadhani video ni picha na sauti tu haiwezi kudhuru. Faili la video linaiambia pleya "kipande kinachofuata kina ukubwa huu", pleya inatenga nafasi kwenye memori kulingana na hiyo namba. Mtu mbaya anadanganya namba, pleya ikizembea kuhakiki inakuwa kama kumimina debe zima la mchele wa Kyela kwenye kisado, kinachomwagika kinaangukia sehemu za memori zisizo zake, na kikiwa kimepangwa kwa akili kompyuta inakitekeleza kama amri. Mara nyingi pleya inakwama tu na kujifunga, ila aliyebobea anaweza kuendesha mashine yako. Hata sabtaito, yale maandishi ya chini ya video, zimo, 2017 Check Point, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha faili la sabtaito tu linatosha kuishika kompyuta kupitia VLC na pleya nyingine kama Kodi, Popcorn Time na Stremio.

Matundu yanazibwa lakini, tena kwa bidii. Juni 2019 VLC 3.0.7 iliziba matundu 33 kwa mpigo, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulikuwa unawalipa watu wayatafute. Wewe mwenye 2.2 kazi yote hiyo haijakufikia, iko kwenye intaneti inakusubiri! Ingia videolan.org, setapu ya Windows haifiki MB 50. Mi kwangu nimeacha kabisa kugawa setapu za kwenye flashi, anayetaka namuwashia hotispoti aipakue mwenyewe palepale.

Halafu kuna hii ambayo naiona zaidi ya hayo yote, faili lina kikoni kilekile cha VLC, jina la muvi kali, ukubwa MB 2 au 3. Muvi gani hiyo ya MB 2? Fungua folda kwenye Windows, nenda View uwashe "File name extensions" ionyeshe mwisho wa majina ya mafaili, utakuta limeandikwa .mp4.exe, hiyo ni programu imevaa nguo za video. Na video ikikuambia upakue kodeki (kiprogramu cha kufungulia aina fulani ya video) kwanza ndo icheze, achana nayo, VLC karibu kila kodeki inayo tayari.

Kwenye simu ni kugumu zaidi maana marekebisho ya mfumo mpaka kampuni iliyotengeneza simu iyatume. Stagefright, tundu la 2015 kwenye sehemu ya Android inayosoma video, iligusa Android 2.2 mpaka 5.1, video ya MMS (meseji ya picha na video) tu ilitosha hata kabla hujaifungua, na simu nyingi za bei chee hazikupata dawa. Kama mzee wako nyumbani bado anayo ya hivyo, ingia setingi za meseji umzimie MMS kujipakua zenyewe.