Usipake penseli kwenye pedi: jibu kwa mchezaji wa gemu la riadha

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashine ya gemu ya PS2 na sidii ya Athens 2004, ile ya michezo ya Olimpiki. Zamani kwenye kuruka chini hakuna aliyeniweza mtaani kwetu Ujiji. Tangu nyumbani watoe TV ya chogo na kuweka ya bapa, karibu kila mruko ni faulo. Juu ya hilo kitufe cha X kwenye pedi ya kuchezea kimeanza kugoma, hata nikigandamiza kwa nguvu zote. Jirani anasema nifungue pedi nipake unga wa penseli, au ninunue pedi ya turbo. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifuate hata moja, na pedi usiifungue kwanza. Faulo umezitaja mwenyewe zilianza lini: siku chogo lilipotoka sebuleni. Vidole vyako ni vilevile.

Chogo huonyesha picha papo hapo. TV ya bapa ikipokea picha ya PS2 kupitia zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu, huikuza kwanza ijae kwenye kioo, huirekebisha, ndipo huionyesha. Kazi hiyo inakula muda. Tuseme inakula sehemu ya kumi ya sekunde. Mrukaji anayekuja kwa mita 10 kwa sekunde anakuwa ameshasogea mita nzima kabla jicho lako halijapata habari, na ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20 tu. Wewe unabonyeza ukimwona ubaoni, kumbe ndani ya mashine alishaupita.

Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, tafuta hali ya gemu (Game Mode), uiwashe. Zima kila kinachodai kulainisha picha. Kama TV yako haina hali hiyo, bonyeza mapema kidogo kuliko ulivyozoea mpaka mkono ushike mapigo mapya. Na kama chogo bado liko stoo, lirudishe kwa ajili ya gemu.

Sasa tuje kwenye hilo neno lako, "kwa nguvu zote." Hili ndilo linalonichosha. Meza yangu hapa Mwanga, Kigoma, haikosi pedi zilizouawa kwa sababu hiyo, na kila mwenye nayo anasema gemu la riadha linataka nguvu. Halitaki. Tangu kampuni ya Konami walipotoa gemu la Track & Field mwaka 1983, yenye vitufe viwili vya kukimbilia na kimoja cha kurukia au kurushia, mashine ya namna hii inahesabu mara ngapi kitufe kimebonyezwa na kuachiwa. Kuachiwa kunahesabika sawasawa na kubonyezwa. Kwa kawaida gemu huichungulia pedi mara 50 au 60 kwa sekunde, kutegemea mfumo wa TV, na kila inapochungulia huuliza: kimebonyezwa au kimeachiwa? Ukikandamiza kwa hasira, raba iliyo chini ya kitufe inachelewa kurudi juu, kitufe kinaonekana kimebonyezwa muda wote, na mkimbiaji wako anapungua mwendo huku jasho linakutoka. Gusa kwa wepesi, vidole viwili vipokezane kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mchi mmoja ukishuka, mwingine unapanda.

Na kasi yenyewe si kila kitu. Dekathloni ya kweli ina michezo kumi kwa siku mbili, na mbio ni nne tu kati yake. Iliyobaki ni miruko mitatu na mirusho mitatu, ambako kwenye gemu nyingi pointi zinatoka kwenye pembe na wakati wa kuachia. Hata kwenye mita 1500, kijana anafyatuka kama mkimbiaji wetu Filbert Bayi pale Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, alipoongoza tangu mwanzo akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Bayi alikuwa na mapafu ya kumaliza nayo. Mkimbiaji wa gemu nguvu zikimwishia mzunguko wa pili, hata ukipondaponda vitufe hasogei.

Penseli, basi. Unga wake unapitisha umeme, ni kweli, ndiyo maana kitufe kinafufuka siku mbili tatu na jirani anajiona fundi. Kisha unga unamwagika juu ya karatasi ya saketi iliyo chini ya raba na vitufe vinaanza kujibonyeza vyenyewe. Pedi ya PS2 inapima hata kiasi cha mgandamizo kwa jinsi raba nyeusi inavyolala kwenye hiyo karatasi, kwa hiyo unga au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ukivibandika pale unaiharibia kipimo chote. Wanaomimina petroli wanavimbisha raba. Turbo nayo inarudiarudia kitufe, ila haijui zamu: ukiiwasha kwa vitufe viwili, inaweza kuvibonyeza vyote kwa pamoja wakati gemu linataka vipokezane. Ubao wa kurukia ndiyo kabisa haiuoni.

Ni watu walewale wanaofukia simu kwenye mchele. Simu inadondoka ziwani pale Kibirizi mtu akishuka kwenye boti, inazikwa siku tatu kwenye ndoo ya mchele, ikiletwa kwangu saketi imeshaota kutu ya kijani na vumbi la mchele limeziba tundu la chaji. Mchele haunyonyi maji yaliyo chini ya chipu, unakula tu muda ambao simu ingefunguliwa na kusafishwa kwa spiriti. Ikilowa, izime, usiichaji, ilete siku hiyohiyo. Na anayekuahidi dawa ya dakika tano kabla hajafungua kifaa akakiangalia ndani, mnyang'anye kifaa chako.

Pedi yako inahitaji kusafishwa, na huenda raba ya X imekwisha. Raba nzima tunaitoa kwenye pedi iliyokufa kwa sababu nyingine. Niletee ikiwa na skrubu zake zote, na mwambie jirani asiiguse.