Mafuta ya gari: lipi kweli, lipi la barazani

Shikamoo fundi. Naendesha teksi Mkoani hadi Chake. Kwenye mteremko natoa gia ili gari ijiendee. Nafanya vyema? (Dereva, Mkoani)

Marahaba mwanangu. Kama gari yako ni ya injeksheni, yaani kompyuta ndiyo inayoipimia injini mafuta, kama zilivyo nyingi zinazotoka Japani siku hizi, huokoi kitu. Ukiiacha ndani ya gia na ukaondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa. Ukitoa gia, injini haina wa kuizungusha, lazima ichome mafuta ili isizime. Zama za kabureta maneno ya kutoa gia yalikuwa na ukweli wake, ndiyo maana wazee bado wanayafundisha. Lakini hata wao mlima mzima waliubebesha breki, na breki ikipata moto hulegea. Wale wanaozima injini kabisa, mimi gari zao sipandi: pedeli ya breki hugeuka ngumu na usukani mzito, na barabara ya Pemba kona hazikuulizi kama uko tayari.

Eti tujaze alfajiri, mafuta yakiwa baridi? (Msomaji, Fuoni)

Tangi la kituo limefukiwa ardhini, jua la mchana haliyafikii mafuta upesi. Tukubali hata kama joto limepanda nyuzi 5: petroli hutanuka kiasi cha asilimia 0.1 kwa kila nyuzi, basi kwenye lita 20 utapunjika kama mililita 100. ZURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta Zanzibar, ikitangaza bei mpya ya juu, hapo wahi foleni, sikukatazi.

Kiyoyozi au dirisha? (Mama wa watoto watatu, Bububu)

Mjini, kwenye foleni za Darajani, fungua dirisha. Ukishika njia ya Nungwi kwa mwendo mkubwa, dirisha wazi nalo huizuia gari kwa upepo, tofauti inakuwa ndogo. Washa, watoto wapoe. Mwendo wenyewe ndio mlaji: ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya upepo inayokupinga huwa mara nne. Na keria tupu juu ya paa iteremshe.

Nimeuziwa sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta, eti hupunguza ulaji. Ni kweli? (Kijana, Wete)

Kairejeshe, kama muuzaji bado yupo. EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, imepima vifaa zaidi ya 100 vya kupunguza mafuta. Vilivyosaidia ni vichache, tena kidogo mno.

Upepo mdogo kwenye tairi unakula mafuta kweli? (Msomaji, Konde)

Kweli, na hili ndilo watu wanalolidharau. Tairi laini hujikunja zaidi kila linapozunguka, injini ikafanya kazi ya bure. Usimuachie mtia pancha akisie kwa kulipiga teke. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko chenye kipimo cha upepo. Gari za Japani huandika kPa: 220 ni sawa na 32 kwenye geji ya mtia pancha, inayosoma PSI. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana tairi likishapata moto namba hupanda.