Kiwambo kimepasuka, kimechanika au kimepasuliwa?

SWALI: Naandaa fomu ya ridhaa ya upasuaji wa kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Nimeandika: "Kiwambo cha mgonjwa kimepasuliwa na ajali, kitazibwa." Mwenzangu anataka "kimechanika", mwingine "ngiri ya kiwambo". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kwanza ondoa "kimepasuliwa". Kwa ndugu wa mgonjwa, kupasuliwa ni kufanyiwa upasuaji, hivyo watadhani daktari ndiye aliyekikata. Hapa panahitajika kauli ya kutendeka, isiyomtaja mtendaji.

Kitenzi chenyewe hutegemea jeraha. Kisu huacha tundu dogo, mara nyingi lisilozidi sentimita 2: kimetoboka. Mtu akigongwa na gari, shinikizo la ghafla tumboni laweza kukichana hata zaidi ya sentimita 10, aghalabu kushoto, kwa sababu kulia kinakingwa na ini. Hapo kimechanika. "Kimepasuka" si kosa, ila hunikumbusha puto. Kikivilia damu tu bila uwazi, andika "kimepondeka".

Ngiri ni jambo jingine. Ni mpaka viungo vya tumboni viwe vimepenya kuingia kifuani. Kila pumzi huvivuta juu, ndiyo maana tundu lililoachwa laweza kuwa ngiri baada ya miaka. Eksirei ikionyesha mpira wa puani, ule unaopitishwa hadi kwenye mfuko wa chakula, umejikunja kifuani, neno hilo ni halali. Eksirei safi, hata CT (picha za kina za kompyuta) safi, haithibitishi kuwa kiwambo ni kizima. Kwa aliyechomwa kisu chini ya kifua upande wa kushoto, huenda daktari akalazimika kuchungulia kwa kamera tumboni. Kabla ya hapo andika "inashukiwa".

Na "kitazibwa"? Daktari huvirudisha viungo chini, kisha huunganisha kingo kwa uzi usioyeyuka, wa unene wa namba 0 au 1. Huko ni kushona. Kuziba kuache kwa pengo ambalo kingo zake hazifikiani, likawekewa wavu kama kiraka. Utumbo ukiwa umetoboka na uchafu umemwagika, wavu wa plastiki huepukwa kwa hofu ya maambukizi.

Jihadhari pia na "tumbo": ni eneo zima, tena ni kiungo. Kwa kiungo, sema "mfuko wa chakula". Utaje na mpira wa kifuani, ule wa kutoa hewa na damu, maana ndugu watauliza kwa nini umewekwa ilhali mshono uko tumboni.

Andika hivi: "Kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, kimechanika upande wa kushoto kutokana na ajali, na mfuko wa chakula umepanda kifuani. Mfuko utarudishwa chini, kiwambo kitashonwa, na mpira utawekwa kifuani kutoa hewa na damu."