Mke wangu anadhani nakunywa ulanzi kwa siri

SWALI: Kamwene, daktari. Nina miaka 46, fundi cherehani hapa Kihesa, Iringa. Nilipimwa ultrasaundi nikishukiwa vijiwe kwenye nyongo. Vijiwe hawakuona, ila wakaandika "ini lina mafuta, daraja la kwanza." Mke wangu aliposoma akaniuliza ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nakunywea wapi. Mimi ni mzee wa kanisa, ulanzi niliuacha mwaka 2009! Soda ndiyo sikosi, mbili au tatu kwa siku nikishona. Nina kilo 90. Damu inasema vimeng'enya vya ini AST 38, ALT 49, na chembe sahani (za kugandisha damu) 230. Mashine imekosea?
Mzee wa Kanisa

JIBU: Kamwene, mzee. Mashine haijakosea, ila mama usimkasirikie. Swali lake ndilo ningeanza nalo hata mimi. Kwenye picha, mafuta ya pombe na mafuta ya kitambi yanafanana. Anayetofautisha ni mgonjwa mwenyewe, akisema kweli. Wataalamu nao mwaka 2023 waliubadilisha jina ugonjwa huu, maneno "usiotokana na pombe" wakayaondoa, wakautaja kwa sukari, uzito na mafuta ya damu.

Hilo "daraja la kwanza" lisikutishe wala lisikufariji. Linataja mafuta, halitaji makovu, na makovu ndiyo yanayoharibu ini. Chukua kalamu. Umri 46 zidisha kwa AST 38, unapata 1,748. Chembe sahani 230 zidisha kwa kipeuo cha pili cha ALT, yaani 7, unapata 1,610. Gawanya: 1.09. Hesabu hii inaitwa FIB-4. Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ingezidi 2.67 ningekupeleka kwa bingwa, apime ugumu wa ini.

Kwenye karatasi zako sioni homa ya ini B na C, sukari, wala mafuta ya damu. Hivyo vipimwe mwezi huu. Dawa zozote unazotumia beba na vikopo vyake, maana zipo zinazojaza ini mafuta.

Soda acha, zote tatu. Ukishusha kilo 5 mafuta yataanza kupungua. Ukifika 9, vizuri zaidi. Kama sukari iko sawa, rudia hesabu ile baada ya miaka miwili au mitatu. Ikiwa una kisukari, usipitishe miaka miwili.

Na siku ya majibu njoo na mama, nimweleze mwenyewe.